Mikono Ina Korosho, Mdomo Uko Huru

Msimu uliopita wa korosho nilikaa asubuhi nzima kwenye ua wa nyumba moja Chikongola, hapa Mtwara mjini, wanawake wanne wakibangua. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anaijua. Korosho imeshachomwa, ganda limekuwa jeusi, unaiweka juu ya jiwe na kuigonga kwa kipande cha mti pigo moja la kiasi. Ukizidisha nguvu unapata chenga, na bei ya chenga ni nyingine. Mafuta ya ganda yanachoma ngozi, kwa hiyo wanawake hupaka majivu viganjani, na bado vidole vyao hubaki na rangi ya lami mpaka msimu uishe.

Kwenye mkeka pembeni alikuwa mtoto wa miezi tisa, kumi hivi, mgongo umeegemezwa kwenye gunia. Mbele yake simu imesimamishwa kwenye kopo la maziwa, katuni inacheza. Ilikuwa katuni ya Kiingereza, yenye nyimbo za rangi na namba. Mtoto ametulia, macho hayabanduki. Nikamuuliza mama yake, dada wa miaka ishirini na kitu, kama mtoto anaipenda.

"Anaipenda sana, mwalimu. Na ndo anajifunza Kiingereza humohumo. Akifika chekechea hatapata shida."

Alilisema kwa furaha ya mzazi aliyemwona mwanawe amepata njia. Bando analinunua kila siku, na pesa inatoka kwenye korosho hizohizo. Bibi wa mtoto alikuwa palepale, hatua mbili kutoka kwenye mkeka, akibangua na kupiga soga na wenzake kwa Kimakonde. Kwa saa nzima niliyohesabu, hakuna aliyemsemesha mtoto. Si kwa kutompenda. Alikuwa ametulia, na mtoto aliyetulia huachwa.

Sikumjibu dada yule papo hapo, maana jibu lake ni refu na limetoka mbali: Seattle, Marekani, kwenye kazi za mtafiti anayeitwa Patricia Kuhl.

Kuhl ni mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington. Kwa miongo kadhaa amekuwa akichunguza namna mtoto mchanga anavyoikamata lugha kabla hajatamka neno. Mwaka 2003, yeye na wenzake Feng-Ming Tsao na Huei-Mei Liu walichapisha jaribio ambalo ningetamani kila mzazi wa mkoa huu alisikie. Walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, waliolelewa kwenye nyumba zinazosema Kiingereza, wakawaletea wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin. Kila mtoto alipata vipindi 12, kila kimoja kama dakika 25. Mzungumzaji anakaa naye sakafuni, anamsomea vitabu vya picha, anamwonyesha vinyago, anamwita, anamtazama usoni. Watoto wengine walifanyiwa mambo yaleyale kwa Kiingereza, ili pawe na cha kulinganisha.

Utajuaje kama mtoto asiyesema amejifunza? Watafiti wana mbinu nzuri. Spika inarudiarudia sauti moja. Ikibadilika na kuwa sauti nyingine, mdoli uliofichwa kwenye kisanduku unawashiwa taa na kuanza kucheza. Mtoto akishauzoea mchezo huo, kila anapoisikia sauti imebadilika anageuza shingo kumuwahi mdoli. Asiyeisikia tofauti hageuki. Walitumia sauti mbili za Kichina zinazokaribiana sana, ambazo Kiingereza hakina haja ya kuzitenganisha.

Watoto waliokaa na wazungumzaji wa Kichina waligeuka. Walizitofautisha sauti zile kwa kiwango kinacholingana na cha watoto waliolelewa Taiwan, ambao wamekisikia Kichina tangu siku ya kwanza. Na hesabu yake ni ndogo: vipindi 12 vya dakika 25 ni saa tano.

Kisha ikaja sehemu ya pili. Wazungumzaji walewale walirekodiwa wakisoma vitabu vilevile na kuonyesha vinyago vilevile, na watoto wengine wa umri uleule wakawekwa mbele ya televisheni kwa muda uleule. Wengine walisikilizishwa sauti peke yake. Walipopimwa, hawakuwa wamepata chochote. Walikuwa sawa na wale ambao hawajawahi kusikia Kichina maishani mwao.

Sauti ile, sura ile, saa zile. Kilichokosekana ni mtu aliye hai mbele ya mtoto. Kuhl anaeleza kwamba kujifunza lugha utotoni kuna kama mlango, na anayeufungua ni mtu anayeshirikiana na mtoto. Maneno yanaweza kumwagika nje ya mlango huo siku nzima yasiingie.

Nina wajibu wa kusema jaribio hili haliwezi kubeba nini. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, wa mji mmoja wa nchi tajiri, na kilichopimwa ni sauti, siyo msamiati wala akili ya mtoto kwa ujumla. Halisemi kwamba televisheni haifundishi mtu wa umri wowote. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujifunza kuhesabu kwa kipindi kilichotengenezwa vizuri. Lakini kwa swali la dada wa Chikongola, la mtoto wa miezi tisa, katuni ya lugha ya kigeni na matumaini kwamba lugha itaingia humohumo, ni vigumu kupata jaribio lililokaribia zaidi. Umri ni uleule, na ndoto ni ileile. Bando linaisha, na Kiingereza hakijaingia.

Kuna kazi nyingine ya Kuhl inayonigusa kwa sababu ya miaka niliyofundisha darasa la kwanza. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa Marekani na wa Japani kwenye sauti za r na l. Kijapani hakizitenganishi sauti hizo. Watoto wa miezi 6 hadi 8 wa nchi zote mbili walizisikia kwa kiwango kinacholingana. Walipofika miezi 10 hadi 12, Wamarekani walikuwa wamepanda na Wajapani wameshuka. Katika miezi michache tu sikio limeshaanza kuchagua nini kina maana nyumbani na nini si cha kuhangaikia.

Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa zaidi. Kimakonde, kama lugha nyingi za Kibantu, hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Mtoto anakuja shuleni anaandika "kula" pale ulipomtajia "kura", na darasa zima linacheka. Nimewahi kumrudisha mtoto ubaoni mara sita kwa neno "barabara", nikidhani hasikilizi, mpaka akalia. Alikuwa anasikiliza. Sikio lake lilifanya kazi yake sawasawa kabla hata hajajua kutembea. Lilijifunza lugha ya waliomsemesha. Kosa lilikuwa langu, na ninalikumbuka kila ninaposikia mwalimu kijana akimwambia mtoto ana kichwa kigumu kwa sababu ya herufi hiyo. Mtoto huyo anahitaji kusikilizishwa kwa subira, maneno mawili mawili, na mtu anayemtazama.

Hapa pia ndipo penye jibu kwa wazazi wanaoacha kabisa kusema Kimakonde, Kiyao au Kimwera mbele ya watoto wakiogopa kuwachanganya. Kama saa tano za kukaa na mtu zinatosha kumfungulia mtoto sauti za lugha asiyoijua kabisa, basi bibi anayesema Kimakonde na mama anayesema Kiswahili hawawezi kuwa mzigo kwa mtoto huyohuyo. Mzigo ni pale bibi anaponyamazishwa ili katuni isikike.

Turudi kwenye mlango wa Kuhl, maana tukiuacha hapo tutafika mahali rahisi pa kusema simu ni mbaya, zitupwe. Utafiti wenyewe hausemi hivyo.

Mwaka 2014, Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliwapima watoto wa miezi 24 hadi 30 kwa vitenzi vipya. Baadhi walifundishwa na mtu aliyekuwepo chumbani, baadhi na mtu huyohuyo kwa simu ya video, na baadhi kwa video iliyorekodiwa. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza. Wa simu ya video nao walijifunza. Wa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Wote hawa wa mwisho wawili walikuwa wanatazama kioo, lakini wa simu ya video alikuwa anajibiwa. Akicheka, aliye upande wa pili anacheka naye. Akinyoosha kidole, anaulizwa "nini hicho?" Ile video iliyorekodiwa inaendelea na habari zake, mtoto awe anacheka, analia au amelala.

Mkoani kwetu, ambako akina baba wengi wako Dar es Salaam au baharini, jambo hili si dogo. Baba anayepiga simu ya video jioni na kuongea na mwanawe wa miaka miwili dakika kumi anamlea kweli. Bando hilo halipotei.

Roseberry huyo, ambaye baadaye alichapisha kwa jina la Sarah Roseberry Lytle, alifanya kazi na Kuhl, na mwaka 2018 wakatoa jaribio jingine lililonishangaza. Waliwapa watoto wa miezi 9 kioo cha kugusa: mtoto akigusa, anatokea mtu anayesema Kichina. Wengine walikaa peke yao, wengine wawili wawili. Waliokaa na mtoto mwenzao walionyesha dalili bora za kujifunza sauti zile, zilizopimwa kwenye ubongo, kuliko waliokaa peke yao. Na mwenzao huyo alikuwa mtoto mchanga kama wao, asiyejua Kichina, asiyefundisha kitu. Uwepo wake tu ulibadilisha namna mtoto alivyokitazama kile kioo.

Wazazi wengi hapa huona aibu kwamba watoto watano wanagombania kishikwambi kimoja, au kwamba mtoto wao lazima aende kutazama katuni kwa jirani. Nadhani aibu hiyo haina msingi. Ninachokiogopa mimi ni yule mmoja, peke yake, pembeni, na kioo chake.

Kuna atakayenipinga kwa mfano wa Tanga, na ni mfano mzito. Katika XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu wa kuwafundisha. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusoma shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, ya onebillion na ya Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Sitaki kuyapunguza matokeo hayo. Mtoto aliyekuwa hajui kusoma sasa anasoma, na hilo halina "lakini". Ninachoomba ni tutazame yaliyomo ndani yake. Watoto wale walikuwa wa umri wa shule, si wa mkeka. Programu zile zilikuwa zinajibu: mtoto anagusa herufi, inatamkwa, akikosea anarudishwa, akipatia anasogezwa mbele. Na walikuwa kijijini, wanajuana, mmoja akikwama anamwita mwenzake. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja na robo, ile nusu nyingine bado haikuweza kusoma neno. Nikiyasoma matokeo ya Tanga kwa jicho la Kuhl, sioni kifaa kilichochukua nafasi ya mtu. Naona kifaa kilichojitahidi kufanya moja ya kazi za mtu, kujibu, kikafika mahali pazuri, na pengo lililobaki likawa na ukubwa wa mwalimu.

Kwa hiyo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, mimi nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini katika shule nilizopita tangu wakati huo nimeona mwalimu wa darasa la awali anawasha video ya herufi, anakilaza kishikwambi kwenye meza, na kukaa pembeni kusahihisha madaftari ya darasa jingine. Simlaumu. Ana watoto wengi kupita kiasi na madarasa mawili. Ila tusiite kipindi hicho kujifunza kwa teknolojia. Dakika tano za video ileile, mwalimu akiisimamisha na kuuliza "Nani ana herufi hii kwenye jina lake?", zina thamani kuliko nusu saa yake. Mafunzo ya walimu yanayoishia kwenye namna ya kuwasha, kuchaji na kupakua yameacha kazi yenyewe mlangoni.

Na huko nako ni kwa waliofika shuleni. Jambo langu hasa liko kwenye ule ua wa Chikongola, na kwenye nyua kama zile kuanzia Mikindani mpaka Masasi, ambako miaka ya mwanzo ya mtoto inapita kabla serikali haijamwandika jina. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ile PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, na ndani yake malezi yenye mwitikio yametajwa kwa jina. Neno "mwitikio" ni zuri kuliko tunavyolitumia. Ni neno la ngoma na la vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!" na hawezi kuendelea mpaka aambiwe "Tega!" Bibi zetu waliujenga mchezo huo hivyo, na hadithi vivyo hivyo: "Paukwa!" bila "Pakawa!" hadithi haiondoki. Kuhl alihitaji maabara kuthibitisha kitu ambacho bibi wa Kitangari anakitenda kila usiku kando ya moto, na nashukuru amekithibitisha, kwa sababu siku hizi bibi haaminiki bila maabara.

Kinachohitajika ni kidogo kwa gharama na kigumu kwa mazoea. Kliniki, kwa mfano. Kila mama wa mkoa huu anampeleka mtoto kupimwa uzito, anasimama foleni, nesi anaandika kilo kwenye kadi, anaitwa mwingine. Mwaka 2020 Naja Ferjan Ramírez, Lytle na Kuhl walichapisha matokeo ya kuwafundisha wazazi namna ya kuzungumza na mtoto, mara chache tu: mtoto akiwa na miezi 6, 10 na 14. Wazazi walisikilizishwa sauti zao wenyewe zilizorekodiwa nyumbani, wakaonyeshwa ni wapi walimjibu mtoto na ni wapi nafasi iliwapita. Watoto hao walipofika miezi 18 walikuwa na maneno kama 100 kwa wastani. Wale ambao wazazi wao hawakufundishwa walikuwa na kama 60. Hatuna vinasa sauti vya Seattle, lakini foleni ya kliniki tunayo, na manesi wanaojua kuongea na akina mama tunao. Dakika tatu za kumwonyesha mama jinsi ya kumngoja mtoto ajibu, hata kama jibu lenyewe ni "ba", zinaweza kuingia kwenye siku ileile ya mizani.

Na wabanguaji. Pale wanapokaa wanawake watano au sita kubangua pamoja, mmoja anaweza kuachwa na mikono safi kwa zamu, alipwe na wenzake kwa kipimo cha korosho, kazi yake ikiwa ni watoto tu. Najua nyua mbili ambazo tayari wanafanya hivyo, kwa sababu watoto walikuwa wanashika maganda na kuungua midomo. Walianza kwa hofu ya kuungua, na wakavuna mazungumzo. Halmashauri ikitaka kuanzisha vituo vya malezi vijijini ingeanzia hapo, ambapo wenyewe wameshaanza, badala ya kusubiri jengo lenye rangi ukutani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Ni ushauri mzuri. Lakini sikuona sababu ya kumsomea dada yule wa Chikongola kama hati ya mashtaka. Yeye ana mikono yenye mafuta yanayochoma. Hawezi kumshika mwanawe hata akitaka. Simu ilikuwa ndiyo mkono wake wa tatu. Mtu akimwambia aizime bila kumpa kingine, anamwongezea uchovu juu ya uchovu.

Nilimweleza habari ya Seattle kwa ufupi, ya watoto wa televisheni na watoto wa mkekani. Bibi akaacha kubangua ili asikie. "Kwa hiyo mimi na Kimakonde changu nafaa?" akaniuliza. Nikamwambia, bibi, unafaa kuliko simu. Mama wa mtoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ni la haki: "Sasa na Kiingereza, mwalimu, nani atamfundisha?" Nikamwambia Kiingereza kitamkuta shuleni, na kitampata haraka zaidi akiwa ameshajua lugha ni kitu cha kurushiana. Sijui kama aliridhika. Mikono ina korosho, nikasema, lakini mdomo uko huru, na macho pia yanaweza kupokezana na kazi.

Hakuizima simu. Aliisogeza, akauvuta mkeka kwa mguu ili mtoto awaelekee wao. Mtoto akalalamika kidogo, akaitafuta katuni, hakuiona vizuri. Akapiga gunia kwa kiganja. Bibi akajibu kwa kugonga jiwe tupu, mara moja. Mtoto akanyamaza, akamtazama usoni, akapiga tena.